Wazee wa uamsho hawakatai gitaa

Ubishi wa muziki ukizuka katika makanisa yetu ya kiinjili, wazee huhukumiwa mapema: wamepitwa na wakati, hawajui vijana wanataka nini. Wanaosema hivyo wamesahau wazee hao walilelewa na uamsho gani.

Uamsho wa Gahini, Rwanda, uliosambaa miaka ya 1930 hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, haukuja kulinda mila. Walokole, yaani waliookoka katika uamsho huo, waligombana na mila za koo zao, wakawakemea pia wachungaji na wamisionari. Wakati wa Mau Mau, wengi wao nchini Kenya walikataa kula kiapo, na wakakataa vilevile kushika bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa. Warithi wa watu hao leo tunawaita waoga wa mapya!

Katika mikutano yao yeyote alisimama kutoa ushuhuda, awe mwalimu, kibarua au mama asiyejua kusoma. Akimaliza, wote waliitikia "Tukutendereza Yesu" (Tunakusifu Yesu), kwa Kiganda, hata mahali ambapo Kiganda si lugha ya mtu. Sasa ingia katika ibada nyingi za mjini. Spika zinanguruma, waimbaji wachache wameshika maikrofoni, na kila Jumapili kuna wimbo mpya. Waumini wamesimama wanatazama, wengine wanarekodi kwa simu. Sauti yao haisikiki, na wengi hawaimbi kabisa kwa kuwa wimbo hawaujui. Kinachowauma wazee ni hicho, kwamba ibada iliyokuwa ya wote imeachiwa wenye vipaji.

Vijana nao wana hoja. Tenzi nyingi tunazoziita za zamani zilitoka katika mikutano ya injili ya Marekani na Uingereza karne ya 19, enzi za Ira Sankey, mwimbaji wa injili wa Marekani. Kwaya zenye magitaa ya umeme zimeifikisha injili redioni na ndani ya daladala. Na Agano la Lausanne la 1974, tamko la viongozi wa kiinjili wa dunia, lilikiri kwamba misheni mara nyingi zilibeba utamaduni wa kigeni pamoja na injili. Lakini hapohapo linasema makanisa nayo wakati mwingine yamekuwa watumwa wa utamaduni badala ya kulitii Neno, na sehemu hiyo hainukuliwi sana.

Timu za sifa zinaweza kuanza Jumapili ijayo bila kuuza hata gitaa moja: zipunguze sauti ya spika, zirudie pambio ambalo hata bibi wa kiti cha nyuma analijua, kisha zimwachie nafasi ya kushuhudia.