Dhahabu ya Maji ya Kisima

Lamu hatuna magari mengi, lakini habari hukutangulia. Asubuhi niliwaambia wanafunzi wa klabu ya sayansi kwamba leo tunapika dhahabu. Adhuhuri, mlangoni mwa maabara yupo sonara wa mtaani, nyuma yake bawabu, na nyuma ya bawabu shangazi yangu, kashika pete iliyodondoka kito.

"Karibisha wageni, mwanangu," akasema, naye ameshakaa.

Upishi wenyewe hauna mambo. Maji yaliyoyeyushwa chumvi ya dhahabu, ya manjano hafifu, huchemshwa hadi yatokote, kisha hutiwa sitrati, yaani chumvi ya asidi ya ndimu. Manjano hupotea, huja weusi-weusi, zambarau, halafu wekundu wa Vimto ya futari. Mwanasayansi Michael Faraday aliuchunguza wekundu huohuo London, akausimulia mwaka 1857. Ni chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 15 hivi (milimita moja ni nanomita milioni), na sitrati huzipa chaji hasi ili zisukumane, zisigandane.

"Mbona nyekundu?" shangazi akauliza.

Nikamweleza kwamba chembe ndogo kiasi hicho humeza mwanga wa kijani, unaobaki ndio tunaouona. Akasikiliza kwa adabu zote.

"Kwa hiyo pete yangu haitengenezeki."

Nikageuka kutafuta tochi ya leza, niwaonyeshe mwale unavyopita ndani. Huku nyuma bawabu katazama bika moja, katazama umati, kaona haitoshi. Mtu mkarimu sana yule. Akachota kata nzima mtungini, akamimina. Sasa, maji matamu ya Lamu hutoka kwenye michanga ya Shela. Ya mtungi ule ni ya kisima cha uani, hata chai yake haihitaji kuonjwa mara mbili.

Wekundu ukawa zambarau, zambarau ikawa buluu, sote tukitazama. Chumvi ilifunika zile chaji, chembe zikakosa cha kuzitenganisha, zikarundikana. Jaribio la chumvi nililipanga kwa wiki ijayo, tena kwa matone!

Wanafunzi wakapiga makofi. Bawabu akainamisha kichwa kupokea shukrani.

Sonara tu ndiye hakusema neno. Akavaa miwani, akainamia bika.

"Humu mna gramu ngapi, mwalimu?"

"Haifiki hata miligramu 4."

Akavua miwani, akaifuta polepole kwa ncha ya kikoi.

"Hiyo mimi huipiga chafya kila siku."