Dola za Kilindini ndani ya hesabu ya shilingi

Mwagizaji wa vipuri hapa Mombasa aliyekuwa na dola 10,000 benki mwanzoni mwa 2023 alihesabiwa kuwa na yapata shilingi milioni 1.23. Mwaka ulipokwisha, dola zilezile, hazijaguswa, zilikuwa zaidi ya milioni 1.56. Hakuongeza hata senti, ila katika takwimu za Benki Kuu ya Kenya pesa za nchi zilikuwa zimevimba.

Benki Kuu hupima pesa kwa vipimo vinavyomezana, mithili ya sufuria ndani ya sufuria. M1 ni noti na sarafu zilizo nje ya mabenki, pamoja na amana ambazo mwenyewe huzitoa saa yoyote. M2 huongeza akiba na amana za muda maalumu. M3 huongeza amana za fedha za kigeni za wakazi, na ndipo dola za bandarini zinapoingia.

(Pesa za M-Pesa nazo hazikuzaliwa kwenye simu. Salio la mteja lina shilingi zake zilizowekwa benki kwa dhamana. Muuza mchicha wa Kongowea akilipwa kwa simu, pesa imebadilisha mkono upesi tu, na wepesi huo hakuna M inayoupima.)

Wapo wanaotaka tutazame M2, dola tuziache. Wana hoja nzito. Unga na nauli ya matatu hulipwa kwa shilingi, na kipimo kinachopanda kwa sababu shilingi imeanguka kinaweza kumfanya mtu adhani mabenki yanakopesha kupita kiasi. Mapema 2024 mambo yaligeuka: dola ilishuka kutoka karibu shilingi 160 hadi 130 hivi, na kila dola iliyokuwa benki ikapungua katika hesabu bila mwenyewe kutoa kitu.

Lakini bandarini Kilindini dola ni pesa ya kazi. Nauli ya meli hulipwa kwa dola, na aliye nazo leo kesho huziuza apate shilingi za ushuru na za makuli. Isitoshe, watu wanapoikimbia shilingi, M2 ndiyo inayopotosha. Benki ikimuuzia mteja dola na kuziweka kwenye akaunti yake, amana ya shilingi hufutika na M2 hupungua, kana kwamba mtu huyo amefukarika. Nguvu yake ya kununua haijaenda popote.

Mimi naegemea M3, kwa sharti kwamba dola zihesabiwe pia kwa bei moja isiyobadilika, kando ya bei ya siku. Amana za kigeni huonyeshwa kwenye fungu lake, kwa hiyo hesabu hiyo si ngumu, na msomaji wa kawaida anastahili kuwekewa.

Wala tusidhani vipimo vyembamba kama M1 ni safi. Noti za zamani za 1,000 zilipofutwa 2019, zipatazo milioni 7.4 hazikurudishwa, yaani shilingi bilioni 7.4. Hadi siku ya mwisho, Septemba 30, zilikuwa bado zinahesabiwa kuwa pesa mikononi mwa watu, hata kama nyingine zilikwisha kuungua au kuoza. Na dola za noti ambazo baharia hurudi nazo, zikafungiwa kabatini Majengo au Old Town, hazimo katika M yoyote.