Baba Mkwe Dirishani

Kutu ya gari hutoka ndani kuja nje. Ukiona rangi imefanya malengelenge chini ya mlango, ujue shughuli ilianza zamani, wenyewe wameshakula wakashiba, na sasa wametoka nje kupunga upepo. Siku hiyo mimi niliona lengelenge moja tu, dogo, chini ya mlango wa dereva wa Volkswagen Beetle ya mwaka 1968. Nikamwambia shemeji yangu kwamba hapa ni msasa kidogo na rangi kidogo, jioni tunakaa tunaliangalia.

Gari lilikuwa la baba mkwe. Alilinunua ujanani, akalitunza, akazeeka nalo, mwishowe akaniita na kunikabidhi funguo. "Mwanangu," akasema, "nilikupa binti na sijawahi kuja kukagua. Hili nitakuja kulikagua." Nikaitika kwa heshima zote. Msaidizi wangu akawa shemeji, mdogo wake mke wangu, kijana mwenye kipaji kikubwa cha kushika tochi na kutoa maoni.

Kabla ya kupiga msasa, nikaligonga lile lengelenge kwa ncha ya bisibisi. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

"Imeingia wapi?" shemeji akauliza.

"Ndani."

"Ndani kuna nini?"

Nikaivuta. Ikatoka na unga mwekundu na kitu cheupe cheupe kilichonitia wasiwasi, maana mimi nijuavyo, chuma hakina unga mweupe. Nikaenda kuleta sumaku. Sumaku haina upendeleo: inashika chuma, haishiki puti, ule udongo mweupe wa kuzibia bodi, hata puti iwe imepakwa rangi ya kupendeza namna gani. Nikaiweka kwenye paa, ikanasa. Nikaiweka mlangoni, ikanasa. Nikaishusha chini ya mlango, ikaniangukia mguuni. Tulipohamia upande wa pili wa gari, shemeji alishatanguliza kiganja chini ili aidake.

Hapo ndipo pabaya pa gari hili. Injini yake iko nyuma na inapozwa kwa hewa, halina rejeta. Kwa hiyo ile hewa iliyopata joto kwenye injini hupelekwa mbele kwa abiria kupitia mabomba mawili mapana, moja chini ya kila mlango. Lakini mabomba hayo si njia ya hewa tu. Ndiyo mifupa ya bodi. Nguzo za milango zimesimama juu yake. Bati lake ni jembamba, halizidi sana milimita moja, ndani linapitisha hewa yenye unyevu, nje linarushiwa tope na matairi. Kutu nayo inajaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo ikiingia kati ya mabati mawili yaliyochomelewa pamoja huyasukuma mpaka yanaachana, na maji yanapata chumba kipya cha kulala.

Nilikuwa nimenunua dawa ya kutu, ile yenye asidi ya fosforiki inayogeuza kutu ya juu juu kuwa tabaka jeusi gumu. Dawa nzuri, ila masharti yake ni kwamba ikute chuma. Nikairudisha kwenye boksi lake.

Tukaingia kazini kwa taratibu zote. Tukafungua betri, ambayo kwenye gari hili hukaa chini ya kiti cha nyuma, na kiti chenyewe tukakitoa, maana cheche za grenda na sponji ya zamani ni ndugu wa damu. Shemeji nikampa kizima moto na amri ya kusimama kimya. Nikawasha grenda.

Puti ikaanza kutoka kwa mapande. Kwa kawaida puti hupakwa nyembamba, milimita chache, kusawazisha bati lililokwisha kunyooshwa. Hii ilikuwa na unene wa vidole viwili. Chini ya puti kulikuwa na waya wa banda la kuku. Chini ya waya kulikuwa na magazeti yaliyokunjwa vizuri, yanasomeka. Chini ya magazeti bati la kopo lililopasuliwa, likanyooshwa na kupigwa ribiti kwa ustadi ambao sikuutegemea. Na nyuma ya bati, ndani ya bomba lenyewe, kulikuwa na saruji. Saruji hasa, yenye kokoto.

Tukatazamana.

"Shemeji," akasema, "magari haya yalitengenezwa zaidi ya milioni 21 mpaka la mwisho lilipotoka kiwandani huko Puebla, Meksiko, mwaka 2003. Milioni 21! Na hili la msingi na jamvi likaja kwetu."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikasema aliyefanya kazi hii hakuwa anatengeneza gari, alikuwa anajenga choo, akapungukiwa tofali. Shemeji akaongeza kwamba huenda dari lingefuata. Mke wangu akatoka kuona kelele ni za nini, akaliangalia lile bati la kopo kwa muda mrefu kidogo, hakucheka hata jino, akasema, "Punguzeni sauti," akarudi ndani. Laiti ningekuwa mtu wa kusoma alama.

Shemeji akapiga picha saruji, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia pamoja na yale maneno yangu ya choo, akaniwekea na jina ili nisinyimwe sifa. Wajomba wakacheka, mashangazi wakacheka. Baba mkwe yumo kwenye kundi hilo, lakini hajawahi kuandika neno. Yeye husoma tu.

Tukachukua nyundo na tindo, tukabomoa. Ilichukua muda na malengelenge ya viganja, kwa sababu yule mjenzi hakubana kokoto. Tukakata na mabomba yaliyooza, kushoto na kulia, mpaka ukisimama upande huu unaona miguu ya aliyesimama upande ule. Sasa, wanaofanya kazi hizi watakwambia kwamba kabla ya kukata unachomelea kwanza vyuma vya muda kuvuka uwazi wa mlango, kutoka nguzo hadi nguzo, ili bodi isipinde. Na unamaliza upande mmoja ndipo uguse wa pili. Nilitaja jambo hilo. Shemeji akatoa maoni kwamba vyuma hivyo ni vya mafundi wasiojiamini. Gari likabaki juu ya stendi, mbili mbele na mbili nyuma, katikati Mungu anajua.

Ndipo baba mkwe akafika. Koti, kofia, viatu vinang'aa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akalizunguka gari bila kusema kitu. Akasimama kwenye rundo la saruji, akaligusa kwa ncha ya kiatu. Kisha akafungua mlango wa dereva.

"Baba, samahani, gari bado halija..."

Akaketi. Akavuta mlango. Gari hili enzi za uzima wake lilisifiwa kwa kuziba hewa, mpaka watu walikuwa wakishusha kioo kidogo ndipo mlango ukubali kufunga. Hili letu halikuhitaji. Hewa yote ilishukia chini. Mlango ukafunga kwa upole, tk.

Baada ya hapo, kutoka chini, ikaja sauti ndefu ya kriiiii. Hakuna kilichoanguka. Ila ule mwanya wa juu ya mlango, ambao asubuhi ulipitisha ncha ya kidole, nikauona unajifunga taratibu mbele ya macho yangu. Baba mkwe akashika usukani kidogo, akaridhika, akavuta kitasa atoke. Mlango haukutoka. Akajaribu wa abiria. Nao ukakataa. Gari lenyewe lina milango miwili tu.

Naomba mnielewe nilivyokuwa. Angekuwa shemeji amenasa mle, ningemwambia piga teke, na ningecheka kabla ya kumsaidia. Lakini baba mkwe? Nikainama dirishani mikono nimeiweka nyuma.

"Baba, samahani sana, ungejaribu kuusukuma kidogo kwa bega."

"Nimesukuma."

"Labda kwa nguvu kidogo, baba."

Akanitazama, nikaacha ushauri. Akashusha kioo, akateremsha macho kwenye sakafu, pale pembeni ya viatu vyake palipokuwa na shimo, akaona majani ya ardhini. Akatazama nje, kwenye rundo.

"Bati langu mmelitupa?"

"Bati lipi, baba?"

"Lile la kopo. Nililinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Na saruji nilichanganya kwa mikono hii. Mkeo ndiye aliyekuwa akinikunjia magazeti, alikuwa mdogo hivi." Akaonyesha urefu wa mtoto kwa kiganja, kutokea dirishani. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Nilisoma kwenye kundi kwamba nilikuwa najenga choo."

Shemeji akakumbuka kazi nyuma ya nyumba. Nikamwita kwa jicho akarudi.

"Choo au si choo," baba mkwe akaendelea, "milango yangu ilikuwa inafunguka."

Na hilo, tukubaliane, halikuwa na jibu. Bomba lilishaoza miaka mingi. Kilichokuwa kimebeba nguzo za milango ni ile saruji yake. Sisi tulikuwa tumetoa gari tukabakiza rangi.

Ikabidi apitie dirishani. Dirisha la mlango wa gari hili limepunguzwa kwa mbele na kile kioo kidogo cha pembetatu, na baba mkwe naye maisha hayajampunguza mahali popote. Akaamua atangulize kichwa. Kichwa kikapita, kofia ikiwa juu yake. Mabega yakapita moja moja. Mimi nikawa nimeshika mikono yake, navuta kwa adabu, maana katika malezi yangu yote hakuna aliyenifundisha mkwe akinasa anashikwa wapi. Alipofika tumboni, safari ikaisha. Hakwenda mbele, hakurudi nyuma. Shemeji akapendekeza grisi. Akaambiwa anyamaze, na sauti hiyo haikuwa yangu.

"Chukua jeki," baba mkwe akamwambia, kichwa kikiwa chini, damu imejaa usoni, lakini sauti ile ile ya mkutano wa ukoo. "Weka kipande cha mbao juu yake. Iweke chini ya mhimili wa katikati wa sakafu. Inua kidogo kidogo. Sakafu ikipanda, mlango utaachia."

Aliyajua hayo tangu mwanzo au yalimjia pale dirishani, mpaka leo sijathubutu kuuliza.

Shemeji akaingia uvunguni. Jeki ikapanda. Ile kriiiii ikarudi kinyumenyume, mwanya wa juu ukaanza kuonekana, nikasema "Polepole, shemeji," naye akasikia sijui nini, akavuta mpini mara moja kwa moyo wote.

Mlango ukaachia. Wote. Na baba mkwe akiwa juu yake, nusu nje nusu ndani, ameukunjikia kama godoro lililotolewa juani, akasafiri nao. Miguu ikatoka kitini, ikaburuzwa nje, mimi nimeshikilia mikono yake nakimbia nyumanyuma nikizungushwa, tunatazamana usoni kwa karibu ambako sijawahi kuwa naye kabla. Kizuizi cha mlango, ambacho kingetusimamisha, nacho kilikuwa na kutu, kikakatika tk. Mlango ukaenda ukagonga madigadi ya mbele, ukasimama. Vidole vya viatu vyake vikagusa ardhi. Kofia haikuwa imetikisika.

Akajichomoa mwenyewe, kutoka upande wa nyuma, taratibu, akajipangusa koti. Mke wangu alikuwa mlangoni na simu mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Picha ile haijawahi kutumwa kwenye kundi, lakini kila nikichelewa kuosha vyombo naonyeshwa kwamba bado ipo.

Kuanzia kesho yake baba mkwe alikuja na kiti chake, akakaa pembeni, akasimamia. Tukachomelea vyuma vya muda kwenye milango, hata shemeji akasema ndivyo alivyokuwa akifikiria. Tukaweka mabomba mapya upande mmoja kwanza, tukichomelea nukta hapa, tunaruka, nukta kule, kwa sababu bati jembamba ukilipitishia moto mfululizo linajikunja au linatoboka. Kila baada ya nukta chache tulifungua mlango na kuufunga. Tukazibua matundu ya kutolea maji, yaliyokuwa yamejaa udongo tangu zama zile, tukapaka praima, na ndani ya mabomba tukapuliza nta. Puti tuliyotumia ilikuwa nyembamba, sumaku ilishika chuma kupitia juu yake bila kulalamika.

Siku ya ukaguzi baba mkwe alikuja na sumaku yake mwenyewe mfukoni. Hakuniambia kitu. Akaipitisha chini ya mlango wa kushoto, ikanasa. Chini ya wa kulia, ikanasa. Akaguna kidogo, nikahisi nimeozeshwa upya. Akaenda nyuma, kwenye madigadi ambayo hatukuwa tumeyagusa, akaiweka karibu na taa. Ikaanguka.

"Hapo, baba, hatujafika bado," nikasema.

"Najua," akasema, akiiokota. "Hapo ni ubao. Hapo mpaache."