Mkonge sio kamba tu jamani

Kila nikipanda basi la Tanga, tukishapita Segera nakaa macho kabisa, maana kuanzia Hale mpaka Muheza ni mkonge mistari kwa mistari, na lazima abiria mmoja aseme "hizo ndo kamba hizo". Naumia kweli. Ule mmea ni wa ajabu, sisi tumeufanya kamba basi.

Hebu angalia unavyoishi. Mimea mingi inafungua vitundu vya majani mchana, jua nalo linainyonya maji, sasa mkonge wenyewe mchana umejifunga, unafungua usiku kukiwa na ubaridi, unavuta hewa ya kaboni na kuihifadhi ndani ya jani ikiwa asidi, kukikucha ndo unaitumia kutengeneza chakula huku milango imefungwa. Jani lina nta juu na limejikunja kama mfereji, kamvua kadogo tu maji yanateremka mpaka kwenye shina. Halafu unatoa mlingoti mara moja tu maishani, vichipukizi vinaota hukohuko juu, vinadondoka vinashika udongo, mama anakufa.

Na ugumu huo umetubeba sana. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62, yaani 62 tu! Kutoka hapo, kufikia 1964 tulikuwa tunazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kwa jasho la manamba, vibarua wa mkataba waliotolewa mbali na kwao, hilo nalo tusilisahau. Baadaye kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka.

Kinachoniuma zaidi ni hiki, jani likipita kwenye korona, ile mashine ya kukamua mkonge, singa (nyuzi) unazopata ni kama asilimia 4 ya uzito wake, zilizobaki zote ni maji na makapi, na miaka nenda rudi yamemwagwa tu, mengine mpaka mitoni. Wakati Hale pale walishajenga mtambo wa kuyageuza hayo makapi kuwa gesi na umeme, kwa hiyo inawezekana, sio ndoto.

Wenzetu wa Meksiko, ndiko ulikotoka mkonge (na Sisal ni jina la bandari yao ya Yucatán), mimea ndugu ya mkonge wameitumia kila kiungo, utomvu wanachachusha pombe ya pulque, moyo wanachoma wanakula au wanatengeneza tekila, mwiba ukiung'oa na nyuzi zake tayari una sindano na uzi. Hata huku kwetu fundi jipsam anachanganya katani, yaani nyuzi za mkonge, akina mama Ukambani wanasuka viondo, milingoti mikavu inajenga mabanda. Ujuzi upo.

Mi nataka mkulima mdogo wa Korogwe akipeleka majani kwenye korona alipwe jani zima, singa zina bei yake na makapi yana bei yake, na iandikwe kwenye risiti.