Mwongozaji hauzi elki

Lawama dhidi ya mwongozaji wa uwindaji wa elki huko Marekani inaeleweka haraka. Shirika la Misitu la Marekani linasimamia ekari kama milioni 193, na Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, BLM, ekari nyingine kama milioni 245, nyingi zikiwa katika majimbo ya magharibi. Ardhi hiyo ni ya umma. Elki wanaoishi humo, wanyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi ambao dume lake hupita kilo 300, nao hawana mwenyewe: jimbo linawasimamia kwa niaba ya wananchi. Halafu anatokea mwongozaji na farasi zake na mahema yake, anamtoza mgeni kutoka Ohio au Florida dola 5,000, 6,000, wakati mwingine zaidi, ampeleke kuwinda siku tano kwenye msitu ambao mgeni huyo tayari ni mmoja wa wenyewe. Wawindaji wakazi wa Colorado, Montana au Wyoming wakimwona anapita na msafara wake, wana neno moja tu: anauza kisicho chake.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuliamini neno hilo upesi kuliko wengine. Kwetu Tanzania uwindaji wa kitalii unafanyika kwenye vitalu, na kampuni yenye kitalu ndiyo inayopeleka wageni wake humo. Kenya ilifunga mlango kabisa mwaka 1977. Kwa hiyo tukisikia mgeni, bunduki na mwongozaji kwa pamoja, picha inayotujia ni ya mtu mwenye pesa aliyekodishiwa pori. Picha hiyo haifai kwa habari ya elki wa ardhi ya umma. Mwongozaji wa Colorado akipewa kibali na Shirika la Misitu hapewi bonde. Mwalimu wa shule wa Denver anaweza kupiga hema lake mita mia mbili kutoka kambi ya wageni, akawahi alfajiri, akampiga dume lile lile ambalo wateja wa dola 6,000 wamelinyatia siku nzima. Amelipia leseni ya mkazi, isiyofika dola 100. Mgeni amelipa karibu dola 800 kwa leseni peke yake, kabla hajampa mwongozaji hata senti. Na pesa hiyo ya leseni haimfikii mwongozaji, inakwenda kwenye idara ya wanyamapori ya jimbo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi mwongozaji anauza nini? Jibu langu ni mgongo, wake na wa baghala zake, wale chotara wa punda na farasi wanaobeba mizigo. Hapa ndipo wengi wanaomshutumu wanapopita haraka mno.

Chukua dume mmoja aliyepigwa mchana wa Septemba katika pori la Weminuche, kusini magharibi mwa Colorado, kwenye mwinuko wa mita 3,000 na kitu. Mpaka hapo, kazi imekuwa ya mwindaji: kusikiliza dume wanavyolia wakigombea majike, kupanda, kungoja, kulenga. Risasi au mshale ukishapata, kazi ya pili inaanza, na ndiyo kubwa. Mnyama huyu akichunwa na kutolewa mifupa anabaki na nyama safi ya kilo 90 hadi 120. Ukiiacha na mfupa wake, mguu mmoja wa nyuma unaweza kufika kilo 30. Gari halipo. Sheria ya mwaka 1964 kuhusu maeneo kama haya ya pori tupu inakataza magari, pikipiki, hata baiskeli. Kama barabara iko kilomita 10 chini, mtu mmoja mwenye nguvu atabeba kilo 30 kwa safari moja, ateremke, alale, apande tena. Safari nne, ukihesabu pembe na kichwa labda tano. Kila safari ni kilomita 20 kwenda na kurudi, katika hewa nyepesi inayomkaba hata kijana wa mazoezi aliyetoka usawa wa bahari juzi. Jumla inakaribia kilomita 100, nusu yake akiwa na mzigo. Na Septemba bado ni joto. Nyama ya karibu na mfupa wa nyonga inaanza kuharibika kabla ya kesho yake jioni kama haijapata hewa na kivuli.

Kuiacha hairuhusiwi. Sheria za majimbo haya humtaka mwindaji aokoe nyama inayolika, na anayechukua pembe akaacha mzoga anashtakiwa. Kuiuza nako ni marufuku, kwa hiyo huwezi kumpa mtu nusu ya nyama kama malipo ya kuibeba kisha yeye aipeleke sokoni. Unabaki na njia mbili: marafiki wengi wenye migongo mizima, au baghala watatu.

Mtu aliyezaliwa Durango, mji ulio karibu na pori hilo, anao marafiki hao, na pengine mjomba mwenye farasi. Fundi umeme wa Ohio aliyeweka akiba miaka sita hana. Ukimwambia ardhi ni yake na mwongozaji hamhitaji, umemwambia jambo la kweli lisilomfaa. Ndiyo maana waongozaji wengi wana huduma ya bei ya chini zaidi kuliko uwindaji wenyewe: wanapeleka mahema na chakula chako kwa baghala, wanakuacha huko uwinde peke yako, wanarudi siku waliyokubaliana nawe. Wapo wanaotoza kwa kuteremsha nyama tu. Kama bidhaa ingekuwa elki, huduma hizo zisingekuwa na maana.

Na elki hahakikishwi kwa mtu yeyote. Kwa jumla Colorado, wanaofanikiwa ni takriban mmoja katika kila wawindaji watano. Wenye mwongozaji hufanya vizuri zaidi, lakini kwenye ardhi ya umma wengi wao pia hurudi mikono mitupu, na pesa hairudi. Anayetaka uhakika huenda kwenye ranchi binafsi, ambako uwindaji wa dume mkubwa huvuka dola 10,000 kwa wepesi, analala kitandani na kuletewa kahawa. Kwa hiyo hoja kwamba waongozaji wa msituni wanawahudumia matajiri ni nusu ya habari. Ukiwaondoa wote kesho, tajiri hatapungukiwa na kitu. Atakayebaki nyumbani ni yule fundi.

Kuna jambo la hatari pia, ingawa sipendi linavyotumiwa kama ngao kwa kila hoja. Septemba 2018, katika pori la Teton huko Wyoming, mwongozaji aliuawa na dubu grizzly alipokuwa akishughulikia mzoga wa elki aliyepigwa na mteja wake kwa mshale. Mteja alinusurika. Grizzly wa kaskazini magharibi mwa Wyoming huvutwa na harufu ya damu, na aliyeinama juu ya mzoga kwa saa mbili ni mwongozaji. Mteja amesimama pembeni.

Sasa upande wa pili, ambao haukosi haki. Kwa kutumia ardhi ya umma kibiashara, mwongozaji kwa kawaida hulipa serikali ya shirikisho takriban asilimia 3 ya mapato yake. Kwenye mteja wa dola 6,000, hiyo ni dola 180. Mkazi anayeikuta kambi ya mahema manane mahali alipozoea kuwinda na baba yake anaiona dola 180 kuwa bei ya utani, na ni vigumu kumwambia amekosea. Kibali hakifungi bonde kwa sheria, lakini farasi kumi na tano na moshi wa jikoni vinalifunga kwa vitendo. Elki si mjinga. Akisukumwa sana anahamia ranchi ya jirani na kukaa huko mpaka msimu uishe, na mkazi asiye na pesa ya ranchi ndiye anayekosa.

Kibaya zaidi ni foleni. Leseni nyingi za elki hutolewa kwa droo, na katika majimbo kadhaa waongozaji wamefanikiwa kushawishi wabunge wawatengenezee mlango wa pembeni. New Mexico hutenga asilimia 84 ya leseni za droo kwa wakazi, asilimia 10 kwa waombaji wenye mkataba na mwongozaji, na asilimia 6 kwa wageni wasio na mkataba. Tazama hizo mbili za mwisho. Wageni wawili wanatoka mtaa mmoja wa Texas. Mmoja ana mkataba, mwingine hana. Fungu la wa kwanza ni kubwa kuliko la pili, ingawa wanaoweza kulipia mwongozaji ni wachache kuliko wasioweza. Hapo mwongozaji ameacha kuuza mgongo wake. Anauza nafasi kwenye droo ya wanyama wa umma, na ile lawama ya kwamba anauza kisicho chake inapata miguu ya kusimamia.

Montana waliliona hilo. Mwaka 2010 wapiga kura walipitisha pendekezo I-161 lililofuta leseni zilizotengwa kwa wateja wa waongozaji, wakapandisha ada ya wageni wote. Waliolipeleka walidai kuwa mwongozaji mwenye uhakika wa wateja anapata jeuri ya kukodi ranchi nzima na kuwafungia wenyeji waliokuwa wakiingia kwa hisani ya mwenye shamba. Na ranchi ikishakodiwa, mara nyingi ardhi ya umma iliyo nyuma yake inafungwa nayo bila mtu kuilipia. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya biashara hii. Lakini iangalie vizuri inamwangukia nani. Inamwangukia mwenye mkataba na ranchi. Mwenye baghala anayefanya kazi msituni, mbele ya macho ya kila mtu, haimgusi.

Wyoming ndiyo iliyokwenda mbali zaidi, na kwa maoni yangu imewaharibia jina waongozaji wote. Sheria yake inamkataza asiye mkazi kuwinda wanyama wakubwa ndani ya maeneo ya pori tupu ya shirikisho, yanayofika ekari milioni 3 hivi, bila mwongozaji mwenye leseni au mkazi aliyechukua kibali cha bure cha kumsindikiza. Sababu inayotolewa ni usalama. Sawa, lakini mgeni yule yule anaruhusiwa kuingia pori lile lile peke yake kupanda milima, kuvua samaki, kulala wiki nzima na kupiga picha za elki hao hao. Dubu haulizi kama una leseni ya kuwinda. Kilimanjaro nako hupandi bila mwongozaji mwenye leseni, lakini huko sharti linafuata mlima: ukipanda, unaye. Sharti la Wyoming linafuata anwani yako. Aliyekulia milimani Colorado na kubeba elki ishirini maishani lazima aajiri mtu. Aliyehamia Cheyenne, mji mkuu wa Wyoming, kutoka Miami na kutimiza mwaka wake wa ukazi hahitaji. Sheria ya namna hiyo inamfanya mwongozaji aonekane mtoza ushuru, wakati ana kazi halali ambayo watu wangemlipa kwa hiari.

Kuna kichekesho cha kihistoria hapa. Kesi iliyoyapa majimbo nguvu ya kumbagua mwindaji mgeni, Baldwin dhidi ya Tume ya Samaki na Wanyamapori ya Montana, ilifunguliwa na mwongozaji. Lester Baldwin, mkazi wa Montana, aliungana na wawindaji wanne wa Minnesota kulalamika kwamba mwaka 1976 mkazi aliweza kupata leseni ya elki kwa dola 9, huku mgeni akilazimishwa kununua leseni ya mchanganyiko kwa dola 225. Mahakama ya Juu ikawakatalia mwaka 1978: kuwinda elki ni burudani, ikasema, na si haki ya msingi inayoliunganisha taifa. Mwongozaji alikwenda mahakamani kumtetea mgeni aingie kwa bei ya mwenyeji. Warithi wake Wyoming wanaitetea sheria inayomzuia mgeni huyo mlangoni. Maslahi yamegeuka, basi.

Kama ningekuwa na kura katika mabunge yanayohusika, ningeifuta sheria hiyo ya Wyoming, na zile asilimia 10 za New Mexico ningezichanganya na 6 ziwe fungu moja la wageni wote. Ada ya asilimia 3 ningeipandisha kidogo, kwa sharti kwamba ziada itengeneze njia ambazo misafara ya farasi inazichimba. Waongozaji wangepiga kelele, na baadhi wangefunga, hasa wale ambao bidhaa yao pekee ni upendeleo wa kisheria. Wenye baghala wangebaki.

Nasema hivyo kwa sababu ya ngazi moja ya chuma. Mwaka 2021 wawindaji wanne wa Missouri, bila mwongozaji, walivuka kwa ngazi hiyo kona ambapo vipande viwili vya ardhi ya umma vinakutana katika mlima Elk Mountain, Wyoming. Mwenye ranchi ya jirani akawashtaki kwa kupita hewani juu ya kona yake. Eneo hilo limegawanywa kama ubao wa drafti tangu kampuni za reli zilipogawiwa ardhi karne ya 19. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliwapa ushindi wawindaji, na Oktoba Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa ya mwenye ranchi. Mamilioni ya ekari za umma zilizokuwa zimezibwa na kona za namna hiyo huenda sasa zikafikika kwa miguu, bila ruhusa ya mtu na bila malipo. Wengi watakaoingia watakuwa wapya, na baadhi yao watapiga dume mkubwa mbali na barabara saa kumi jioni, kukiwa na joto. Msimu unaofuata hao watapiga simu kuuliza bei ya baghala.