Ukuta Wangu Bado Uko Kwenye Kampeni

Mke wangu alisema kabla ya Idi kiduka kiwe kimepakwa rangi. Kwangu mimi kauli ya mke ni ilani ya uchaguzi, tofauti ni kwamba yake lazima itekelezwe. Ndoo ya rangi nikanunua, brashi nikaazima, ikabaki kubandua mabango tu. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kiduka changu kiko kona, pale daladala zinapogeuzia. Tangu nikijenge sijawahi kumruhusu mtu abandike kitu, wala hakuna aliyewahi kuniomba. Wanakuja usiku wa manane na ndoo ya uji wa ngano, ukiamka asubuhi unakuta jitu zima linakuchekea mlangoni. Na ule uji, jamani! Plasta yangu ikiguswa na kuku inamomonyoka, lakini uji wa kampeni umeng'ang'ania kama deni. Nikachukua kisu ninachokatia miche ya sabuni, nikaanza kukwangua. Likatoka la juzi. Chini yake la 2020. Chini yake la 2015, chini yake la 2010. Nikasema huu si ukuta, hiki ni kitunguu, na machozi kweli yalikuwa yananitoka kwa vumbi.

Tabaka la mwisho likawa la 2005. Mgombea udiwani, shati la kitenge, masharubu yamechongwa, kidole juu kama mtu anayesimamisha bajaji. Halijapauka hata kidogo, maana wenzake wa juu wamelikinga na jua miaka ishirini. Chini kaandika kwa herufi za kushiba: MAJI YA BOMBA KILA NYUMBA.

Nikaketi ninywe chai nipumue. Kijana wa bodaboda akafunga breki.

"Mzee, huyu kaanza lini kampeni? Mbona huyu anajua shida zetu!"

Mama wa maandazi naye akapita na dumu kichwani, akasimama, akasoma huku shingo imenyooka maji yasimwagike. "Angalau huyu kagusa maji. Wenzake wote wanatuambia habari za uchumi. Kura lini?"

Nikawaambia hilo bango ni la 2005. Bodaboda akahesabu vidole, akagundua mwaka huo yeye alikuwa darasa la kwanza. Haikumsumbua. "Basi sera zake ni za kisasa," akasema, akawasha pikipiki akaondoka.

Sasa na mimi nisijifanye mtakatifu. Nauza maji ya dumu. Yule bwana angepewa kura akatimiza, mimi leo ningekuwa nauza nini?

Halafu nikajitazama nilivyovaa. Kwa kazi chafu huwa navaa fulana niliyoipata kwenye mkutano mwaka huohuo: Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya. Kwapani imechanika, shingo imelegea hadi inaonyesha bega, mgongoni panapita upepo, lakini neno "mpya" liko palepale, mara tatu. Ndani kuna shemeji yangu aliyekuja kututembelea wiki moja, huu mwezi wa saba. Analala kwenye kochi hadi saa nne kavaa fulana ya 2015. Hapa Kazi Tu. Siku nikikosa la kucheka huwa nafungua pazia nimwangalie.

Ila bingwa wa mambo haya ni mama yangu mzazi. Kila uchaguzi ananiuliza, "Safari hii jembe kapewa nani?" Namwambia mama, siku hizi kuna vyama vingi, kila chama na bendera yake. Ananisikiliza vizuri kabisa, kisha anasema, "Sawa mwanangu. Jembe kapewa nani?"

Yeye aliipigia kura TANU mwaka 1965, enzi za chama kimoja. Kila jimbo chama kilisimamisha watu wawili, mmoja akipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, hata asiyejua kusoma ajue anaweka wapi. Wanapanda jukwaa moja, wanaongea Kiswahili, ukabila marufuku. Kwenye urais ilikuwa Mwalimu Nyerere peke yake, unasema ndiyo au hapana. Na msidhani ilikuwa maigizo, mwaka ule hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Nikamuuliza mama kwa nini alichagua jembe. Akanishangaa. "Nyumba nilikuwa nayo. Jembe ndilo lililokuwa limevunjika mpini."

Sijawahi kusikia uchambuzi wa siasa ulionyooka kama huo. Labda mzee John Cheyo wa chama cha UDP, yeye kwenye kampeni alituambia neno moja: mapesa. Mtaani ilani za kurasa mia nimewaona wakifungia karanga, lakini mtamkie mtu "mapesa" uone kama hakugeuka.

Mpwa wangu anayesoma chuo akaniambia, "Mjomba, hata Marekani iko hivyo," akatoa simu. Tangazo la kampeni ya urais ya 1964, la Lyndon Johnson. Kitoto cha kike kinachuma petali za ua kinahesabu, kinakosea, kinaruka, kinarudi, mimi kabisa nikifunga mahesabu ya jioni. Mara linaingia lisauti la mwanamume linahesabu kurudi nyuma, likifika sifuri, bomu la nyuklia! Chai yote ikaishia kwenye ari mpya. Mpwa anasema mpinzani, Goldwater, hakutajwa jina hata kidogo, na tangazo walilipia lirushwe mara moja tu, tarehe 7 Septemba.

Mara moja! Hapa kona gari la matangazo lilipita mara thelathini na tisa kwa siku moja, mke wangu alihesabu kwa hasira, na nilichoambulia mimi ni "halo, halo, moja mbili, moja mbili". Huyo Johnson sijui hata alikuwa mrefu au mfupi, lakini usiku ule nililala taa imewaka na kura yangu alikuwa ameshaipata.

Basi jioni, nimeshakoroga rangi, nikasikia hodi. Mzee mmoja mteja wangu, kwenye daftari ana unga kilo mbili na sukari nusu tangu mwezi uliopita. Masharubu hana tena, miwani kaifunga kwa uzi. Akalisogelea bango, akalisoma kwa kidole, neno kwa neno.

"Kijana huyu alisema kweli," akasema.

"Mzee, huyu si wewe?"

"Ni mimi. Walinishinda. Na aliyenishinda aliahidi maji hayahaya." Akavua miwani akaifuta kwa shati. "Lakini mimi wa sasa siwezi kuongea hivi. Nilikuwa na moto, eh?"

Nikabaki na brashi mkononi, rangi inadondokea ndala. Akaliangalia tena, akajinyoosha kidogo, nikaona hata kile kidole kinataka kwenda juu. Kikashuka.

"Dumu leo shilingi ngapi?"

"Mia tano, mheshimiwa."

"Niandikie mawili."