Wanaume wawili waliofutwa na Homer

Mlima hutulia mchoraji akauchora hadi achoke. Wimbi je? Ukichovya brashi na kuinua macho, limeshavunjika. Ndiyo maana naona bahari iliwatesa wachoraji wa uhalisia, yaani waliotaka kuonyesha vitu vilivyo, wa karne ya 19 kuliko kitu kingine chochote.

Ivan Aivazovsky, mzaliwa wa Feodosia kwenye Bahari Nyeusi, hakuhangaika nalo. Alichora ndani, kwa kumbukumbu. "Wimbi la Tisa" la 1850 lina upana wa zaidi ya mita 3: mwanga unapenya maji kama chupa ya kijani, na manusura wamekumbatia mlingoti uliovunjika. Ni zuri, sikatai. Ila nikilitazama najiona nimeshapangiwa wa kumwonea huruma.

Mfaransa Gustave Courbet, mtu wa bara kutoka Ornans, alikwenda Étretat, kwenye pwani ya Ufaransa, mwaka 1869 akayapaka mawimbi kwa kisu, kama fundi anayepiga plasta. Wimbi lake lina uzito. Hapo naanza kuamini.

Lakini wangu ni Winslow Homer. Mmarekani huyu alikaa Cullercoats, kijiji cha wavuvi Uingereza, mwaka 1881 hadi 1882, kisha akahamia Prouts Neck, Maine, kwenye majabali yanayopigwa na Atlantiki. Mwaka 1895 alionyesha "Northeaster", jina la dhoruba ya upepo wa kaskazini-mashariki. Wanaume wawili waliovaa makoti ya mvua walikuwa wamejikunyata mwambani. Wahakiki waliisifu. Yeye akairudia, na kufikia 1901 watu wale hawakuwepo tena, na povu limepanda juu zaidi.

Mtu ataniuliza: kufuta ulichokwisha kukichora, tena miaka baadaye, ni uhalisia gani huo? Si sawa na Aivazovsky aliyechora ndani kwa kumbukumbu? Kwa kiasi fulani ndiyo, nakiri. Lakini wakiwepo wale wawili, jicho linawakimbilia wao: watapona au hawaponi? Bahari inakuwa adui katika hadithi. Wakiondoka, haina habari na mtu. Mwenye kukulia pwani anaijua hali hiyo. Maji hujaa na kupwa hata kama ufuo hauna mtu.

Leo picha iko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Mwamba mweusi uliolowa unakatiza chini ya turubai, na mahali pao pa kujikunyata sasa unasimama wewe mtazamaji.